Yaliyobaki Kikombeni

Muheto, Masisi, tarehe 9 Machi 2024

Mama Agathe, mkwe wangu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba mgongo wako umekuachia usingizi na kwamba mvua ya Walikale haijaingia tena jikoni. Mimi ni mzima, ukiondoa baridi ya vilima na milio ya usiku ambayo huna haja ya kuelezwa. Mnara wa simu umekufa tangu mapigano yaliposogea barabarani. Kwa hiyo tutaishi kwa barua, kama watu wa zamani, na kwa hisani ya waendesha pikipiki watakaothubutu kupita.

Najua kwamba jambo ninalotaka kuliandika haliandikwi. Kwenu msituni, na kwetu Butembo vilevile, mwanamume hamtajii mama mkwe wake matiti ya mkewe, wala kinachotoka humo. Nimelipima suala hili kwa pande zote, nami nimeshawishika kwamba heshima isiyomlinda mtoto ni pambo tu. Vijidudu havijui nani ni mkwe wa nani. Basi niwie radhi, naendelea.

Solange ameniandikia kwamba amerudi kazini kwenye kituo cha afya, kwamba wodi imejaa surua, na kwamba hathubutu kumpeleka Kaswera wetu, mtoto wa miezi minne, mahali kama hapo. Anakamua maziwa asubuhi, anayaacha mikononi mwako, anarudi magharibi. Hilo ni jema. Lakini ameandika pia kwamba maziwa yakishapoa wewe huyaweka juu ya makaa mpaka yachemke, kwa sababu, nanukuu, “maziwa baridi ni ya maiti, lazima yaamshwe.”

Mama, maziwa ndiyo elimu yangu. Nimekaa chuoni miaka mitano nikiyasoma, na leo ni mimi ninayepokea maziwa ya ng'ombe wa vilima hivi na kuyageuza jibini. Nisikilize. Maziwa ya mama yamebeba askari wanaomlinda mtoto. Ukiyachemsha, unawaua walinzi kabla hawajafika langoni. Tena moto wa makaa haupashi sawasawa: huku maziwa ni vuguvugu, huku yanaunguza ulimi. Weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi. Kizungushe taratibu, usikitikise, ili mafuta yaliyopanda juu yarudi kuchanganyika. Dondoshea tone moja kwenye ngozi ya mkono wako. Likiwa halisikiki, si la moto wala la baridi, mtoto anywe.

Kile kisanduku cha chanjo alichopewa Solange, chenye mapande ya barafu, kikae kimefungwa. Kisifunguliwe kila jirani anapotaka kuona maajabu. Humo maziwa yatakaa mchana kutwa bila hofu. Nje, katika joto lenu, yataanza kuharibika kabla hujamaliza kupalilia. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, vikombe vichemshwe kila siku, na yaliyokamuliwa kwanza yanywewe kwanza.

Huu si ubishi, ni sayansi. Unaweza kuuliza popote.

Mkwe wako,
Merdi Kataliko


Walikale, tarehe 24/3/2024

Mukwe wangu Merdi,

Jambo kwako, jambo kwa baridi yako. Sisi hapa tuko, Mungu anatuchunga. Mugongo ungali ni ule ule, jikoni ilivuja siku mbili tu. Mutoto iko muzito sasa. Nikimubeba naenda kisima nasikia sawa vile nabeba kitunga ya mihogo, na anavuta nywele yangu sawa vile iko na deni.

Barua yako nilifungua mbele ya bamama ba sala, nikawaza ni habari ya vita. Nikafika kwa fungu ya pili, nikaikunja mbio. Nikaiweka ndani ya Biblia. Kiisha nikaitoa tena, juu ya sababu Biblia nayo niliionea haya.

Merdi, mwanangu. Ile kitu mwanaume hasemake na mama ya bibi yake. Kama iko na neno, anaenda kwa kaka yangu Papa Albert, yeye njo mujomba. Papa Albert anakuja, ananikuta, ananipa mugongo, na mimi namupa mugongo, anasema na ukuta, mimi nasikia. Njo vile tulifanya, na batoto balikomaa. Wewe unaniandikia sawa vile niko muteja wako ya fromage, ile jibini yako. Mimi haiko fabrike ya mashini. Na binti yangu haiko ngombe ya Masisi.

Lakini nilisikia. Solange alinisumbua, “Mama, Merdi anasema moto hapana.” Nikamuambia, “Merdi alinyonyesha batoto ngapi?” Alicheka mupaka akakaa chini. Sasa moto nimeacha. Naweka kikombe kwa maji ya moto, nazungusha polepole sawa mutu anabembeleza mutoto kwa usingizi, naweka tone kwa mukono. Kisanduku nimeifunika na kitambaa ya maji, pahali jua haifike. Sabuni imeisha mbele ya mwezi kuisha, juu ya wewe.

Na usiogope kama tunapoteza. Ndani ya nyumba hii ile chakula ya mutoto haimwangike, hata tone moja. Solange akirudi ananiuliza, “Amekula yote?” Namujibu yote. Anafurahi sana.

Ni mimi, mama mukwe wako,
Agathe


Muheto, tarehe 6 Aprili 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Barua yako imenikuta nikiwa salama, nami namshukuru Mungu kwa uzito wa Kaswera na kwa nywele zako zinazolipa deni hilo. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kicheko. Nakupongeza kwa kuacha makaa. Umenithibitishia kwamba akili njema hukubali hoja inapotolewa wazi.

Sasa nijibu moja moja. Kuhusu Papa Albert: namheshimu kama mwindaji na kama mjomba, lakini sioni kwa nini maagizo ya afya ya binti yangu yapitie kwa mtu asiyesoma, anayezungumza na ukuta. Kuhusu ng'ombe: hakuna tusi. Maziwa, ukiyatazama kwa kina, ni maji, mafuta, sukari na protini, yawe ya malkia au ya mnyama. Anayeona aibu kwa hilo anaona aibu na maumbile.

Ila neno lako moja limenisumbua: kwamba halimwagiki hata tone. Haifai, Mama. Mtoto akishaanza kunywa kikombe, mate yake yameshaingia humo, na ndani ya mate mna vijidudu vinavyozaana haraka kuliko tunavyoweza kufikiri. Akiacha kiasi, na asipokimaliza ndani ya saa mbili, kilichobaki hakirudishwi kisandukuni, hakiwekewi mlo ujao. Kinamwagwa. Mwaga chini, nje ya mlango, bila huzuni, kama sisi huku tunavyowamwagia mbwa maziwa yaliyoharibika. Nasikia wapo wanaoamini mambo fulani kuhusu maziwa na udongo. Udongo hauna habari na sisi, Mama. Udongo ni madini na wadudu.

Natumaini hili limeeleweka, sitalirudia.

Mkwe wako,
Merdi


Walikale, tarehe 17/5/2024

Mukwe,

Jambo. Tuko.

Barua yako ilifika zamani. Nilisoma mupaka pale kwa mbwa, nikaiweka mbali, hata Solange sikumuonyesha, juu angelia. Sitajibu. Kuna neno haiandikwe na kuna neno mwanamuke hasemake kwa mukwe, na hii ni zote mbili. Nimemuambia Papa Albert. Ameanza njia tangu juma ilipita, anapita ndani ya pori juu barabara imefungwa. Atakuambia kwa mudomo.

Mutoto anaharisha. Ilianza kidogo, ikaisha, imerudi. Jirani yangu Consolée anasema ni meno. Solange anasema meno hapana, amemupatia ile maji ya chumvi na sukari ya kituo. Anapungua kidogo. Nywele hanivutake tena.

Mimi nafanya yote: maji ya moto, sabuni, kitambaa. Sijakosa siku.

Mama mukwe wako,
Agathe


Muheto, tarehe 26 Mei 2024

Mama mkwe wangu,

Sijui kama salamu zitakufikia kabla ya habari nyingine, kwa hiyo nasalimu haraka: nyote, na Kaswera kuliko wote.

Barua yako imenifikia leo asubuhi na tangu hapo sijagusa kazi. Si meno. Mtoto haharishi wiki nzima kwa meno, hata kama Consolée ana wajukuu mia. Nieleze: maji ya kuoshea vikombe yanatoka wapi? Nzi wako wengi? Nani anafungua kisanduku wewe ukiwa shambani? Barafu inabadilishwa kila siku, au muuguzi mkuu amechoka kuitoa? Je, kuna mtu amempa uji, maji ya majani, dawa ya msituni? Usinifiche. Kuna kosa mahali fulani katika mnyororo huu, na kosa halijifichi milele kwa mtu anayelitafuta kwa utaratibu.

Mwambie Solange aache kazi kesho. Surua itapata muuguzi mwingine. Amlaze mtoto kifuani mwake mchana na usiku, amnyonyeshe moja kwa moja, bila kikombe, bila kisanduku. Mtoto akianza kuzama macho au akikauka mdomo, mpelekeni kituoni saa hiyohiyo, msingoje mapambazuko.

Ningekuja mwenyewe. Nilijaribu juzi, hata kabla ya barua yako. Kwenye kizuizi cha wapiganaji barabarani wanawashusha vijana wa umri wangu, na walioshushwa wiki iliyopita hawajapanda tena. Wazee wanapita, wanawake wanapita, mbuzi wanapita. Shahada yangu haipiti.

Papa Albert hajafika. Sijui ana neno gani lisiloandikika. Dunia nzima imeandikwa, Mama. Hata nyota zimeandikwa. Akifika nitampa kiti na chai, lakini sitarajii kujifunza kwake jambo lolote kuhusu maziwa.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Mkwe wako,
Merdi


Muheto, tarehe 4 Juni 2024

Mama yangu,

Kwanza, yuko hai? Nisamehe kwa kuanza hivi. Nilikuwa na salamu, zimenitoka.

Papa Albert amefika jana, miguu imevimba, koti limeraruliwa na miiba. Nilimpa kiti. Akakigeuza, akakaa akinipa mgongo, nami nikalazimika kusikiliza kisogo. Wafanyakazi wangu wa jibini walichungulia mlangoni wakicheka. Niliwafukuza.

“Kijana,” akasema, “unajua kwetu, kwa ukoo wetu, mutoto akikufa mama yake anafanya nini?”

“Sijui, Papa.”

“Kumbe iko kitu haujui. Anakamua juu ya kaburi. Mara moja tu, mutoto akunywe, asitoke inje kutafuta. Njo siku moja ile kitu inagusa udongo. Sasa wewe umemuandikia dada yangu amwange inje ya mulango, kila siku. Umemuambia amuzike mutoto kila siku. Na kiisha ukamutaja mbwa.”

Ulimi wangu unajulikana hata na mapadri walionifundisha, lakini nilimmiminia chai kwanza. Kisha nikauliza, “Basi yale yanayobaki kikombeni, Mama anayafanyaje?”

“Anayarudisha. Iwe kidogo, iwe mingi, anayarudisha ndani ya ingine, yangojee pamoja. Mutoto akilia tena, anakunywa.”

Hapo nikalijua kosa. Usafi wako wote, sabuni yote, barafu yote, kila kitu kilikuwa sawa hadi pale. Kila mara kile kidogo kilichoguswa na mdomo wake kiliingia katika kile kisafi na kukichafua, kisha vyote viwili vikaenda tumboni mwake. Na Solange, ambaye angelitambua hilo kwa kutazama mara moja, aliambiwa kila jioni kwamba mtoto amemaliza.

Nilikuwa na hotuba tayari, Mama. Unajua namna ninavyopanga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu, na ya tatu ingemwaibisha mzee aliyetembea porini kwa ajili yangu. Sikuitoa. Nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimemuuliza mtu yeyote tangu mwezi wa tatu: “Papa, nani anaruhusiwa kuyanywa?”

Aligeuka. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

“Hii hakuna mutu aliuliza. Zamani mutoto ananyonya kwa mama, inabakia wapi?” Akafikiri hadi chai yake ikapoa. “Mama aliyezaa mama ya mutoto, huyo akikunywa, ni damu yake inarudi kwake. Hakuna ubaya. Udongo haijaguswa.”

Basi, Mama, kunywa wewe. Sikuombi uvunje desturi, sikuombi umwage, na lile neno la mbwa nalifuta kwa mkono wangu. Mimina kidogo kidogo kikombeni ili abakize kidogo. Yatakayobaki, ukishaona ameshiba, yanywe mwenyewe, papo hapo. Lisirudi hata tone. Ulimnyonyesha Solange, hakuna aibu Solange akikulipa kwa njia hii. Hili linaweza kumponya. Naamini litamponya. Na umwonyeshe Solange barua hii yote, usimfiche hata mstari.

Papa Albert amekataa kulala siku ya pili. Amesema miguu ikipumzika itakumbuka maumivu. Anaondoka alfajiri hii, barua ndani ya kofia.

Mwanao,
Merdi


Walikale, tarehe 21/6/2024

Merdi, mwanangu,

Batu bakiandikiana banauliza kwanza habari ya afya. Mimi leo sitauliza, juu ungeniuliza na wewe.

Kaswera alituacha tarehe 29 ya mwezi wa tano, mangaribi, kwa magoti ya mama yake, pale kituo. Bauguzi balitafuta mushipa wa kumuwekea maji, balitafuta kwa mukono, kwa muguu, kwa kichwa. Solange naye alitafuta. Alikuwa mudogo sana sasa. Hakulia, alikuwa anatutazama tu, kiisha akaacha.

Papa Albert alikuwa hajafika kwako. Siku ile alikaa kwako akikupa mugongo, mutoto alikuwa tayari ndani ya udongo. Ile barua yako ya maulizo, ya maji na nzi, ilifika kiisha mazishi. Nzi haikuwa mingi.

Solange alikamua juu ya kaburi, mara moja, sawa inavyofanyika. Mimi nilimushika mabega. Mvua ilikuja mbio, ikaosha yote, tukarudi.

Papa Albert alifika na barua yako ndani ya kofia. Alinipa mugongo, akaanza kusema na ukuta. Nikamuambia, “Kaka, leka, inatosha. Nipe tu ile karatasi.” Hakujua. Alikuwa ametembea njia yote na furaha.

Nilimuonyesha Solange sawa ulivyoomba. Alisoma amesimama, mupaka mwisho. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, “Mama, kila siku ulikuwa unaniambia amekula yote.” Nikamujibu ndiyo. Tangu siku ile anakula kwa Consolée.

Usijihukumu peke yako. Ile barua ya mbwa ningemuonyesha, angecheka ao angelia, kiisha angeniuliza mabaki inaendaka wapi. Niliificha juu ya haya yangu.

Ndani ya kisanduku kulikuwa kungali kikombe kimoja, hakuna mutu alikuwa na nguvu ya kuifungua. Nilifungua mimi. Ilikuwa imeharibika, ilikuwa inanuka. Nilikunywa hata vile, sawa ulivyosema.

Sasa iko neno moja, na siitume kwa Papa Albert. Naiandika na mukono wangu na naitaja jina. Maziwa ya Solange ingali inakuja. Asubuhi anaamka nguo imelowana. Anaenda nyuma ya nyumba, anakamua ndani ya kikombe, anarudi, anaiweka kwa meza mbele yangu bila kunitazama, anaenda kazi. Kwa kaburi ni mara moja tu, haturudie. Kumwanga siwezi. Nakunywa, na kesho yake iko ingine.

Wewe ulisoma maziwa miaka tano. Hii ya mutoto haiko, tunaichunga wapi?

Mama yako,
Agathe